Mkate wa Kumi na Tatu

Jumatano ya wiki ya nne ya Kwaresima, saa nne asubuhi, bajaji ya kijani ilisimama mbele ya nyumba ya Hilana, akashuka mtu aliyevaa kanzu yenye mikunjo ya dukani, na mimi nikaunguza tamiya, bajia zangu za maharage, za watu.

"Mama Irini, zimekuwa makaa!" akalalamika mteja mmoja.

"Kula, maharage ni maharage."

Sikumwangalia. Macho yangu yalikuwa kwa yule mtu. Alikuwa amekonda, mabega yameingia ndani, lakini lile sikio la kushoto lililokunjika juu nililijua tangu yuko mgongoni mwa mama yake. Bakhit. Akakohoa, akashika ukuta, akakohoa tena, mlango ukafunguliwa na mkono wa Hilana ukatoka peke yake, ukamvuta ndani kama mtu anayevuta nguo kwenye kamba kabla ya mvua.

Mafuta yangu hayajapoa, mtaa mzima ulishajua. Nusu ya mtaa, nakiri, ilijua kwangu.

Kwetu huku mtu akiuawa, watu wake hawakai matanga. Viti havitolewi, kahawa haichemshwi, na ukienda kutoa pole utarudishwa mlangoni, tena kwa ukali. Hawapokei pole ya mtu mpaka damu ilipwe kwa damu, au mpaka muuaji aje kwa miguu yake, peku, kichwa wazi, amebeba sanda yake mwenyewe kwenye mikono miwili mbele ya watu. Hapo baba wa marehemu ana mambo mawili tu. Akiweka mkono juu ya sanda, yamekwisha, hakuna wa kufukua. Akiipa sanda mgongo, basi wanaume waliosimama nyuma yake wanajua kazi yao.

Miaka kumi na miwili nyuma, Bakhit alimpiga Ayyad kwa jembe kwenye mfereji, wakigombea zamu ya maji. Pigo moja. Vijana wawili ambao asubuhi ile ile walikuwa wamekaa kwenye benchi langu, wakiibiana figili kwenye sahani. Bakhit alihukumiwa miaka kumi na mitano, wakamtoa baada ya kumi na miwili kwa sababu ya kifua. Na Ayyad alikuwa mtoto pekee wa Ami Tadrus, mwoka mkate wa kanisa letu.

Sasa hapa lazima niwaambie kuhusu mkate, vinginevyo hamtaelewa kilichotokea Ijumaa.

Nyuma ya kanisa kuna chumba kidogo chenye tanuri. Tunakiita Bethlehemu. Humo ndimo unamookwa mkate wa misa, na haingii mwanamke, haingii mtu aliyekula, wala haiingii chumvi. Ami Tadrus huingia peke yake kila asubuhi, anakanda huku anasoma Zaburi kwa moyo, kutoka unga mpaka tanuri bila kunyamaza. Kibanda changu kimeegemea ukuta wa chumba hicho, na dirisha lake liko juu kidogo ya karai langu. Zaburi zote nimezijulia hapo, kwenye moshi wa mafuta.

Mikate lazima iwe hesabu isiyogawanyika kwa mbili. Mitatu, mitano, saba, vyovyote. Ami Tadrus huoka kumi na mitatu. Kila mmoja anaupiga muhuri wa mbao wenye misalaba, na kila anapopiga anasema jina la nyumba moja kati ya nyumba kumi na tatu zinazolizunguka kanisa. "Kumbuka, Bwana, nyumba ya Labib." Pa! "Kumbuka, Bwana, nyumba ya Mama Irini na mdomo wake." Pa! Nilimsikia, mzee yule, kila siku, na alijua ninamsikia. Kanisa halikumwagiza kufanya hivyo. Alisema mama yake alikuwa akitaja majina akikanda mkate wa nyumbani, na mikono yake haijui kukanda kimya.

Nyumba ya kumi na tatu ilikuwa ya Hilana, mama yake Bakhit.

Ami Tadrus alipomzika Ayyad alikaa siku arobaini bila kuonekana. Siku aliyorudi Bethlehemu nilizima jiko ili nisikie. Majina kumi na mawili. Kisha kikapu kikatoka kwenda kanisani, na muda si muda Abuna Bisanti, kasisi wetu, akaja mwenyewe na kikapu mkononi.

"Tadrus, kumi na miwili hii."

"Ndiyo, Abuna."

"Haiendi."

"Toa mmoja. Iwe kumi na mmoja."

"Nitoe nyumba ya nani?"

Kanisani watu walikuwa wamesimama wanaimba wimbo ule ule mara ya nne, wazee wameanza kutafuta viti. Ami Tadrus alisimama pale, najua alikuwa anazipitia nyumba moja moja. Nyumba ya nani aitoe? Kisha nikasikia anakwangua donge lililobaki kwenye beseni. Akakanda. Na alipofika kwenye muhuri, lile jina lilipita katikati ya meno kama mtu anayetema jiwe alilolikuta kwenye dengu. "Bakhit!" Pa! Meza ikaruka, bakuli likaanguka.

Baada ya misa mikate inayobaki hugawiwa watu wakitoka. Ule mmoja hakuuacha kikapuni. Aliutia kwenye mfuko, akautoa kupitia dirishani, juu ya karai langu.

"Mpelekee Hilana. Sema umetoka kanisani."

"Ami, wewe unampelekea—"

"Siwezi kuula na siwezi kuutupa, ni mkate wa kanisa. Nitaufanya nini? Na ukimwambia mtu, Mama Irini, nitaliziba dirisha hili kwa matofali, ufe kwa joto."

Miaka kumi na miwili nikaubeba. Mimi! Mimi ambaye wakwe zangu walijua nina mimba kabla ya mume wangu kwa sababu nilimwambia mwuza vitunguu! Siri hii niliishika. Kila siku hatua sitini na kitu mpaka mlangoni kwa Hilana, namkabidhi, ananiambia habari za gerezani, narudi.

Na kila siku niliisikia sauti ile. Mwaka wa kwanza meno. Mwaka wa pili, wa tatu, alilisema kama karani anayeita majina kwenye foleni ya mafuta ya kupikia, halina chumvi wala sukari. Baadaye sikulitofautisha na mengine. Kisha siku moja, mwaka wa tisa nadhani, nikiwa nachuja mafuta, akachungulia dirishani.

"Yule ana nini?"

"Nani?"

"Usinichoshe."

"Anakohoa," nikasema. "Hilana anasema hawezi kulala chali."

Akarudi ndani. Kesho yake: "Kumbuka, Bwana, Bakhit mwana wa Hilana, mwenye kikohozi." Pa. Muhuri ulishuka taratibu, na tangu siku hiyo akawa anasema hivyo hivyo, kikohozi na vyote.

Siku moja nikajitia ujasiri. "Ami, basi umemsamehe?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kama amekula nyama Kwaresima. "Nani kakwambia? Mimi nakanda. Nyumba ni kumi na tatu, naoka kumi na mitatu. Angesimama mbele yangu leo sijui ningefanya nini, na usiniulize tena."

Basi Jumatano hiyo Bakhit amerudi, na jioni yake Abuna Bisanti akapita nyumba hizi mbili na kutoka na neno: Ijumaa, baada ya misa, uani kwa kanisa, Bakhit ataleta sanda. Haikuwezekana kungoja Pasaka. Kwa kawaida huchinjwa kondoo, lakini ni mfungo, na Labib akasema kondoo peke yake ndiye aliyenufaika mpaka sasa. Hatukucheka sana. Hakuna aliyejua Ami Tadrus ataweka mkono au atageuza mgongo. Abuna alipomuuliza, alimjibu, "Nitakuja." Basi. Nitakuja.

Alhamisi asubuhi alikuja kwangu Sidhum, mtoto wa kaka yake Ami Tadrus. Sidhum na Ayyad walilala kitanda kimoja mpaka wameota ndevu. Alikaa kwenye benchi, miguu imetanuliwa, akala tamiya tano bila mkate. Ubavuni kanzu yake ilikuwa imetuna.

"Mwanangu, hicho nini?" nikauliza.

"Tasbihi."

"Kubwa hiyo."

"Dhambi zangu nyingi." Akafuta mafuta mdomoni kwa mgongo wa mkono. "Kesho njoo mapema upate pa kukaa. Ami ataipa sanda mgongo, na Bakhit hatatoka uani."

"Amekwambia?"

"Baba aliyeuliwa mwana ana haja ya kusema? Miaka kumi na miwili mzee hajanywa kahawa ya matanga ya mwanawe. Kila nikipita sokoni wanaume wa mtaa wa pili wanaacha kuongea. Unajua ninavyoitwa, Mama Irini? Unajua, wewe unajua kila kitu."

Nilijua. Walimwita mjane, kwamba kazi yake ni kulia tu.

Hapo ndipo nilipokosea. Wallahi nilitaka kumpoza. Niliona tu ile kanzu iliyotuna, nikamwona Hilana, nikamwona huyu naye anaingia gerezani miaka ishirini na tano, na mdomo wangu ukatangulia.

"Sidhum, ami yako hana moyo huo. Ami yako anampelekea mama yake Bakhit mkate tangu Ayyad alipozikwa. Kila siku. Mimi ndiye ninayeupeleka."

Aliacha kutafuna.

"Rudia."

"Mkate tu, wa kanisa, ule wa—"

"Anawalisha?"

"Si kuwalisha, mwanangu, ni—"

"Damu yetu iko chini, na yeye anawalisha!"

Sahani ikaenda chini. Alizunguka kibanda, akasimama mlangoni mwa Bethlehemu, maana hata kwa hasira ile hakuthubutu kuingia akiwa amekula, na akapiga kelele ambazo sikuhitaji dirisha kuzisikia.

"Ami! Toka nje! Mwanamke wa tamiya anasema unawapikia!"

Zaburi haikukatika. Ami Tadrus aliimaliza yote, na ilikuwa ndefu. Kisha akasema, "Nini?"

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi nisikilize. Kesho ukiweka mkono juu ya ile sanda, mimi si mtoto wa kaka yako. Ukifa nitakupita kama jiwe. Na simalizi hapo. Ukiweka mkono kwa sababu umechoka, kwa sababu ni mzee, kwa sababu Abuna amekushika kanzu, mimi nitamaliza mwenyewe, mgongo wako au uso wako, sijali. Nataka nikuone unamtazama. Nitajua."

"Utajua nini?"

"Kama unataka kweli."

"Hata mimi ningependa kujua," akasema Ami Tadrus.

Sidhum akaondoka. Mimi nikabaki nimeinamia karai, natamani liwe kubwa nitumbukie. Baada ya misa dirisha likafunguka. Sikuthubutu kutazama juu.

"Mama Irini."

"Ami, nikate ulimi."

"Nitaukata na utaota mwingine." Mkono wake ukatoka na mfuko. "Peleka. Umechelewa leo."

Ijumaa sikukaanga kitu. Nilikaa chini ya dirisha nikichambua mahindi ambayo hayakuhitaji kuchambuliwa. Ami Tadrus aliingia, akamimina unga, akaanza. Sauti ilikuwa ile ile, mwendo ule ule. Nikajiambia, tulia, mwanamke.

Yakaja majina. Nyumba ya Labib. Nyumba ya Farha mjane. Nyumba ya Abuna. Nikahesabu kwa vidole, nikarudi mkono wa kwanza. Mimi na mdomo wangu, wa kumi na mbili.

Kisha hakuna.

Ningeweza kusikia nzi akitua. Nilisikia donge likisogezwa mezani. Nilisikia anashika muhuri, kwa sababu mpini wake umelegea na huwa unalia kidogo. Nikangoja. Punda akalia mtaa wa nyuma, nikamlaani punda. Kisha muhuri ukashuka, pa, na jina sikulisikia.

Miaka kumi na miwili hakuliruka hata siku moja, hata siku ana homa. Nilivuka barabara nikamwambia Hilana asimpeleke mwanawe. Alikuwa amekaa sakafuni, ameitandaza ile sanda magotini, anaikunja upya. Nyeupe, ya pamba, ya dukani kwa Labib.

"Nimpeleke wapi basi?" akaniuliza. "Nimekaa naye siku mbili, Mama Irini. Hajalala kitandani, analala nyuma ya mlango."

Bakhit alikuwa amesimama dirishani, ameshavua viatu.

"Mkate umekuja?" Hilana akauliza.

Siku hiyo haukuwa umekuja. Misa ilikuwa bado.

Misa ya mfungo humalizika alasiri, watu wana njaa tangu jana yake, na njaa haimpendezeshi mtu. Uani palijaa. Sijawahi kuona watu wengi vile hata sikukuu ya mtakatifu, na kwa mara ya kwanza maishani sikufurahia umati. Wanaume kuta zote mbili, wanawake tumebanana kwenye ngazi za kanisa, askari wawili nje ya lango wanajifanya wanatazama simu. Abuna alikuwa amesema silaha zibaki nyumbani. Nani wa kumpekua nani?

Ami Tadrus akasimama katikati. Bado alikuwa na unga kwenye nyusi. Nyuma yake, hatua mbili, Sidhum, mkono wa kulia ndani ya kanzu.

Lango likafunguliwa na Bakhit akaingia. Peku, kichwa wazi, sanda mikononi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga wa watu. Hatua zake zilisikika zote. Alikuwa anabana kikohozi, unaona shingo inavyokaza. Akafika mbele ya Ami Tadrus, akapiga magoti, akainua mikono.

"Ami Tadrus," akasema. Walikuwa wamemfundisha maneno ya kusema. Hayakutoka.

Ami Tadrus alimtazama. Alimtazama usoni, kwenye sikio lililokunjika, kwenye mikono. Muda ukapita. Jua lilikuwa usoni mwake na hakupepesa. Kisha bega lake la kushoto likaanza kurudi nyuma, na mguu ukafuata.

Anageuka.

Mwanamke mmoja kando yangu akanishika mkono, kucha zikaingia. Abuna akafungua mdomo. Ami Tadrus aligeuka mpaka uso wake ukawa umeelekea kwa Sidhum na mgongo wake kwa sanda, na Sidhum uso wake ukabadilika, haukuwa na furaha, naapa, ulikuwa kama wa mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Mkono ukaanza kutoka ndani ya kanzu. Niliona chuma.

Na Bakhit akashindwa, akakohoa.

Kikohozi kirefu, kile cha kifua kilichooza, mikono bado iko juu na sanda inatikisika. Na Ami Tadrus, akiwa amempa mgongo, macho yake yakiwa kwa Sidhum, akasema kwa sauti yake ya Bethlehemu, kwa mwendo ule ule:

"Kumbuka, Bwana, Bakhit mwana wa Hilana, mwenye kikohozi."

Na mkono wake wa kulia ukanyooka na kushuka, kiganja chini, kama unavyoshuka kila siku juu ya donge.

Hapakuwa na kitu chini yake. Ulishuka hewani. Aliutazama mkono wake. Wote tuliutazama. Nadhani ndipo alipojua alichosema, maana alishika mdomo wake kwa mkono mwingine.

"Umesema nini?" Sidhum akauliza.

"Sijui. Limetoka."

"Lirudishe!"

"Nitalirudishaje?"

"Ami, lirudishe, watu wamesikia!"

"Sidhum." Akautoa mkono mdomoni. "Leo asubuhi nilijizuia. Nilibana mdomo hivi, nikapiga muhuri bila jina, nikasema leo hapana, leo mimi ni baba wa Ayyad. Na unaona? Lilikuwa hapa hapa linangoja. Sina pa kuliweka, mwanangu. Ulitaka kunitazama ujue kama nataka. Nitazame. Sijui kama nataka. Ila ukimpiga huyu, kesho asubuhi nitafika wa kumi na tatu nitasema nini?"

Akageuka tena. Alipiga hatua moja, kisha nyingine fupi, mzee mwenye njaa, akainama, na kile kiganja chenye unga kwenye mistari yake akakiweka juu ya sanda. Kikakandamiza. Alipokiondoa, ulibaki uweupe mwingine juu ya ule weupe.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Hilana alikuwa amekaa chini kwenye vumbi. Bakhit hakujua ashushe mikono au la, akabaki ameishikilia mpaka Abuna akaja akaichukua.

Sidhum alisimama na bastola ikining'inia kwenye vidole kama kitu cha mtu mwingine. Kisha akapita katikati yetu, akapiga teke kiti kimoja, viwili, lango likabamizwa, na wale askari wakasogea kumpisha. Nilimfuata. Nilimkuta nyuma ya kibanda changu, ameegemea ukuta chini ya dirisha, analia na kamasi.

"Kwenda zako," akaniambia.

"Kibanda changu hiki. Kwenda zako wewe."

Akakaa. Nikawasha jiko.

Matanga ya Ayyad yalikaa siku tatu, kuanzia Jumamosi. Miaka kumi na miwili baadaye! Viti vilitoka kanisani, vingine kwangu, vingine kwa Haji Rifai wa mtaa wa msikiti, aliyeleta na birika zake tatu kubwa na wanawe wanne wa kumimina. Kahawa chungu, bila sukari, na watu wamejaa mpaka barabarani. Wanawake tulilia upya kama kijana amekufa juzi. Ami Tadrus alikaa mlangoni kupokea pole za mtu mmoja mmoja, amevaa kanzu nyeusi ambayo alikuwa ameishonesha wakati ule na haijawahi kuvaliwa. Ilikuwa kubwa mno kwake sasa. Siku ya kwanza na ya pili Sidhum hakuonekana. Siku ya tatu alikuja mchana, hakumsalimu mtu, akamnyang'anya mtoto mmoja wa Haji birika na kuanza kumimina.

Bakhit hakuja. Hairuhusiwi, na hata ingeruhusiwa, asingekuja.

Jumanne Ami Tadrus akarudi Bethlehemu. Majina kumi na matatu, nilihesabu. Baada ya misa niliosha mikono, nikasimama chini ya dirisha ningoje mfuko kama kawaida. Dirisha halikufunguka. Nikageuka, nikamwona yuko barabarani, mfuko mkononi, anaelekea kwa Hilana.

Sikusema neno. Hata mimi.

Alikwenda kama mtu anayevuka mfereji kwenye ubao. Akapita duka la Labib. Akapita mlango wa Farha. Alipofika kwenye bomba la maji, katikati kabisa ya njia, akasimama. Kule mbele mlango wa Hilana ulikuwa umefunguliwa nusu, na kikohozi kilisikika mpaka kwangu. Akasimama pale muda ambao ungetosha kujaza ndoo mbili. Kisha akanawa uso bombani, akarudi.

Alinyoosha mfuko juu ya karai.

"Mpelekee," akasema, hanitazami. "Kesho nitajaribu kufika kwa Mansuri fundi viatu."

Kwa Mansuri ni milango miwili kupita bomba. Niliuchukua mfuko. Mkate ulikuwa bado wa moto.